Maharage Kwenye Kioo cha Daktari

Kwa umri huu nilishasema hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kutoka Suma mpaka Tukuyu mjini, na leo nina Fuso mbili na nyumba ya wageni pale Bagamoyo, mtaa wa hapohapo Tukuyu. Kwa hiyo nilipoona damu chooni mara tatu ndani ya wiki moja, sikupiga kelele. Nilivaa koti nikaenda hospitali, wakanilaza.

Daktari alisema kesho yake wataingiza kamera kwa njia ya nyuma, waone damu inatoka wapi. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa saratani, na kamera haioni kitu kama utumbo si msafi. Muuguzi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akaniletea dawa ya unga ya kuchanganya na lita nne za maji: mbili mchana, mbili alfajiri. Kula marufuku, labda chai ya rangi. Na kila nikienda haja nimwite aje aangalie, mpaka itoke kama maji.

"Uangalie nini?" nikamuuliza.

"Choo chako, baba."

Mimi, mtu anayewekewa kiti cha mbele harusini.

Lita mbili za kwanza nilizimaliza kabla ya muda, nikawa nawaonea huruma wagonjwa wenzangu kwa udhaifu wao. Nusu saa haikupita, nikawa nakimbia koridoni nimeshika suruali kwa mikono miwili. Mzee wa kitanda cha jirani alianza kuhesabu safari zangu kwa sauti, wodi nzima isikie.

Saa kumi akaja shemeji kutoka Lufingo, kaka wa mke wangu. Ndiye aliyesema zamani kwamba dada yake haolewi na msukuma baiskeli. Alibeba hotpoti ya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, pamoja na maharage. Kwetu chakula cha mgonjwa hakirudi kilivyokuja, na aliyekileta anakula na mgonjwa. Nikamweleza habari ya dawa. Akafunika hotpoti taratibu.

"Sawa, bwana mkubwa. Siku hizi chakula cha kwetu kina uchafu."

Ningefanya nini? Nilikula vijiko sita. Nilijiambia lita za alfajiri zitasukuma vyote.

Zilisukuma, lakini si vyote, niliona kwa macho yangu. Nikamwaga maji upesi, na muuguzi alipouliza nikamwambia imebaki chemchemi tupu. Aibu ya kuangaliwa ilinizidi kuliko hofu ya saratani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sindano ya usingizi nayo niliikataa, ili nijionee mwenyewe kwenye kioo. Daktari alisukuma kamera, akasimama, akasogeza uso karibu.

"Mzee, haya ni maharage."

"Labda ya zamani," nikasema.

"Ya zamani hayabaki na maganda."

Akachomoa kamera yake. Damu inatoka wapi, hakuna aliyejua.

Siku mbili baadaye nilianza upya, na safari hii nilimwita yule binti kila mara, mpaka akasema, "Sasa haya ni maji, baba." Shemeji alikuja tena na hotpoti. Muuguzi akamkalisha, akamweleza yeye mwenyewe, naye akala peke yake mbele yangu, bila haraka, akisifia mkono wa mkewe. Kesho yake wakakuta kinyama kama punje ya mahindi, wakakikata. Majibu ya maabara yalisema si saratani. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko la hospitali, nikalia kidogo.

Bima sikuwa nayo, maana niliamini bima ni ya watu wanaougua. Kipimo cha kurudia, dawa nyingine na siku tatu za kitanda: vile vijiko sita vilinigharimu shilingi laki nne, elfu thelathini na mia tano.