Naitwa Shija, na nyumbani kwetu hapakuwa na mapacha

Wakuu, nawasalimu nyote. Walionizidi umri, shikamooni, ingawa nashuku kwamba humu mmebaki wachache.

Ninayoyaeleza yalinipata mimi mwenyewe. Sijayatia chumvi, maana katika miaka ninayoizungumzia hata chumvi yenyewe ilikuwa ya foleni.

Wiki iliyopita mlibishana humu kuhusu riwaya za watoto waliolelewa na wasiowazaa. Nimezisoma nyingi na nina lalamiko moja. Kila mara siri hutoka kwenye sanduku la marehemu, au kwenye alama iliyo begani. Waandishi hawajui jinsi maisha yalivyo na utani. Siri yangu mimi iliitwa kwa sauti kubwa darasani kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitikia, "Nipo!"

Naitwa Shija.

Wasukuma wakifika hapo wameshaanza kutabasamu. Kwa wasiojua: Usukumani mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao huitwa Shija. Halijadiliwi hilo, wala haliulizwi baba kalipendaje. Ukikutana na Shija, ujue mbele yake walipita wawili.

Kwetu Kirumba, jijini Mwanza, hapakuwa na Kulwa wala Doto. Nilikuwa mtoto wa pekee. Isitoshe, wazazi wangu walikuwa Wahaya.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza, Mlutheri aliyepiga pasi hata leso, na ambaye aliwahi kuonekana bombani akichota maji amevaa tai. Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke wa maneno machache. Walihamia Mwanza kutoka Bukoba, wakakaa miaka mingi bila mtoto, kisha nikapatikana mimi.

Enzi hizo za Ujamaa, duka la ushirika la mtaa wetu liligawa sukari kwa kufuata idadi ya watu katika kaya. Mgawaji alikuwa Mzee Masanja, mwenye kitambi ambacho hakuna aliyethubutu kuuliza kilitoka wapi nyakati zile. Zamu yetu ilipofika, hakukosa neno.

"Mama Shija, kaya yako watu wangapi?"

"Watatu, kama juma lililopita."

"Ina maana Kulwa na Doto hawanywi chai?"

Foleni nzima ilicheka. Mama mmoja akadakia kutoka nyuma, "Wale ni Wahaya bwana, wanatafuna kahawa!"

Mama alitabasamu, akapokea sukari yake, akanishika mkono tukaondoka. Nami nilicheka pamoja na wengine kwa miaka mingi bila kujua ninachokicheka.

Nilipotimiza miaka kumi nilimwuliza Minza, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, Kulwa na Doto ni akina nani. Alinitazama kwa masikitiko.

"Wewe Shija gani usiyejua? Hao ni wakubwa zako. Waliozaliwa kabla yako."

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu mtu mzima anayesoma ameshapata jibu. Mtoto hafiki huko. Kwamba mimi ndiye niliyetoka kwingine, halikunijia hata kwa mbali. Niliona jambo moja tu: wazazi wangu wana mapacha, na wamewaficha.

Jioni hiyo, mezani, nikauliza kwa heshima zote.

"Baba, Kulwa na Doto mmewaficha kwa sababu hawajui Kiingereza?"

Ndizi ilimpalia. Alipopata pumzi alinijibu kwa Kiingereza kirefu, lugha aliyoikimbilia kila jambo lilipomshinda. Mama akanyanyuka kwenda kujaza jagi la maji lililokuwa limejaa.

Sikuambiwa lolote. Nikaamua kungoja.

Msimu wa senene, wale panzi watamu wa kwao, ulipofika, shangazi alituletea mzigo kwa meli ya Bukoba. Mnaowafahamu Wahaya mnajua kwamba siku hiyo nyumba hugeuka ya sikukuu. Kila nilipogawiwa, nilikula nusu. Nusu nyingine niliitia katika kopo la maziwa na kulificha chini ya kitanda.

Sisimizi ndio walionichongea. Mama alifuata mstari wao kwa ufagio mpaka kwenye kopo.

"Shija, hawa ni senene wa nani?"

"Wa Kulwa na Doto. Wakija wasikute tumewamaliza."

"Mawe!" alishangaa Mama kwa Kihaya chao, akaketi kitandani na kopo mapajani. Sisimizi walimpanda mikononi asiwapanguse.

Alinieleza hapo hapo. Mama aliyenizaa alifariki wodini, katika zamu ya huyu aliyenilea, saa chache baada ya kunileta duniani. Baba yangu mzazi, mkulima wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, alikuwa ameacha mapacha wadogo nyumbani, na kijiji chao kilikuwa kikihamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Hakuwa na mwanamke wa kumshikia kichanga. Alimwomba Mama anichukue, kwa sharti moja: jina lisibadilishwe. "Siku akiuliza maana yake," alisema, "mleteni."

Mama alikubali upesi. Mhaya mgeni, alidhani jina ni jina tu. Hakujua kwamba amebeba mtoto pamoja na tangazo lake. Mzee Masanja alipoanza utani wake ndipo Mama na Baba wakaelewa. Baba akataka nibatizwe upya kwa jina la Kihaya. Mama akakataa. Ahadi ni ahadi, ila aliomba kimoyomoyo nisiulize kamwe.

"Sasa umeuliza," aliniambia. "Unataka kwenda?"

"Nataka kuwapelekea senene."

"Halafu?"

Nikashangaa swali. "Halafu turudi. Jumatatu tuna mtihani."

Hakucheka.

Jumapili tulivuka kwa kivuko kwenda Kamanga. Baba alivaa tai. Mama alibeba begi kubwa nililodhani ni la zawadi, na njia nzima hakuliweka chini, hata pale Baba alipojitolea kumpokea.

Baba mzazi alikuwa mtu mrefu, mkimya. Aliponiona alivua kofia, akabaki ameishika. Nilimpigia magoti, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokatika katikati. Mapacha walikuwa wasichana, na wao hawakukatika sauti hata kidogo.

"Huyu ndiye mdogo wetu?" alisema Kulwa. "Mbona anasimama kama mwalimu wa zamu?"

"Na anaongea kama redio," alisema Doto. Kisha akachungulia kopo langu. "Tobaa! Mnakula panzi? Kumbe njaa imefika hadi Bukoba!"

Kulwa alionja mmoja ili kunistahi. Baada ya muda kopo lilikuwa tupu, na Doto alikuwa akinung'unika kwamba hakuachiwa.

Ndipo Mama alipolifungua begi mbele ya baba yangu mzazi. Zilikuwa nguo zangu. Zote, hata sare ya shule, zimefuliwa na kupigwa pasi.

"Za nini hizi?" aliuliza mzee.

"Ni za kwake. Kama utasema abaki, asikose cha kuvaa."

Baba aligeuka akatazama ziwa. Hakuwa na Kiingereza cha kusema.

Mzee akafunga begi mwenyewe, polepole, na kumrudishia Mama kwa mikono miwili.

"Muuguzi, mimi nilikupa mtoto. Sikukukopesha. Nilichoomba ni jina tu, nawe umelitunza, hata lilipokuwa likikucheka."

Tulirudi na kivuko cha jioni, pamoja na begi na kikapu cha michembe. Baba alikila kile kiazi kikavu njia nzima bila kulalamika, jambo ambalo kwa Mhaya wa aina yake naliita toba.

Foleni iliyofuata, Mzee Masanja hakutuangusha.

"Mama Shija, watu wangapi?"

"Watano," alisema Mama. "Kulwa na Doto wanakuja Jumamosi. Na wanakunywa chai, mzee, tena tamu."

Mzee Masanja aliinamia mizani. Alipima, akaongeza kidogo, akapima tena.

Wakuu, funzo nitalisema bila kubembeleza. Mnaolea watoto ambao hamkuwazaa, waambieni, tena mapema, kwa midomo yenu wenyewe. Msingoje sisimizi wawaongoze. Mtaa mzima unajua, nao unacheka. Asiyejua ni yule mmoja anayehusika. Na enyi watani, endeleeni, lakini pimeni kama Mzee Masanja alivyojifunza siku ile.

Uwanja ni wenu. Kama una jina lililokutangulia kusema mambo yako, tueleze. Andikeni kwa vituo na herufi kubwa panapostahili, hatuko sokoni.

Na wewe unayejiandaa kuniuliza mama yangu halisi ni yupi: rudi ukasome tena, anzia kwenye begi.