Kutu Inayokunywa Jua

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilimpigia bibi yangu kelele kwa sababu ya kutu. Ndiyo, kutu. Usinicheke, na usiniambie nywele zangu bado nyeusi mno kukuita mwanangu. Aliyeungua jana ana haki ya kumwonyesha wa leo moto ulipo.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu Aikande, mtoto wa baba mdogo, alikuwa anaingia kidato cha tatu huko kwetu Old Moshi, anataka masomo ya sayansi. Baba yake, anayepeleka vitunguu sokoni Holili, kule mpakani, hataki kabisa. "Fizikia inaliwa na nini? Asome biashara." Mwisho wakakubaliana: Jumapili baada ya misa, Aikande amwonyeshe kitu alichotengeneza mwenyewe. Kisipofanya kazi, biashara.

Mimi shule niliishia la saba. Sola nimejifunza kwenye simu na kwa kupigwa shoti. Lakini kwa Aikande ningepigana na mtu yeyote, nikamwambia, "Dada, tunatengeneza sola. Ya shaba."

Ukiweka bati la shaba juu ya mkaa uliokolea, linacheza rangi kama shingo ya njiwa, halafu linakuwa jeusi tii. Ukiliacha lipoe taratibu, gamba jeusi linapasuka na kuruka lenyewe, na chini unabaki utando mwekundu kama udongo wa kihamba, shamba letu la migomba. Huo utando ndio kila kitu. Wenye vitabu wanauita oksidi ya shaba, wanauweka kwenye kundi la semikondakta, vitu ambavyo umeme hupita kwa shida mpaka usukumwe na mwanga.

Jumamosi tukamaliza, tukaliacha bati jikoni. Sasa kwa Bibi hakuna chombo kinacholala kichafu. Asubuhi kabla ya misa akachukua jivu na jani kavu la mgomba, akasugua mpaka likang'aa kama kikombe cha padri. Tuliporudi akatuonyesha, anatabasamu. "Mngemwonyeshaje mtu kitu kina kutu?"

Aikande akakaa chini palepale. Baba mdogo akaangua kicheko: "Kumbe sayansi yenyewe inatoka kwa jivu!"

Nikalipuka. Maneno niliyomwambia Bibi siyarudii hapa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile ulimi wangu ulianguka kifudifudi. Bibi akaingia kwenye migomba, nikadhani ameenda kulia. Akarudi na jani la isale limefungwa fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili.

Kwetu ukiletewa isale ugomvi umeisha, hukatai. Lakini isale huletwa na mkosaji.

"Bibi, usifanye hivyo. Mkosaji ni mimi."

"Pokea. Mimi nimekuharibia kazi bila kujua. Wewe umeniharibia masikio ukijua. La kwako utaniletea baadaye, masale hayajaisha kihambani. Sasa washa mkaa, nione hicho nilichokisugua."

Tukaanza upya, baba mdogo amenuna anasubiri mtori wake wa ndizi. Bati likawa jeusi, likaanza kupoa, vidole vikaniwasha nilikwangue. Bibi akanipiga kofi mkononi. "Acha!" Gamba lilipokwisha kuruka, tukalitumbukiza bati kwenye chupa ya maji ya chumvi pamoja na bati jingine lisilochomwa, yasigusane, nyaya zikaenda kwenye mita yangu ya kupimia umeme, ile ya mshale. Wingu likasogea pembeni, jua likaipiga chupa.

Mshale ukapanda.

Mwanangu, nimefunga sola kwenye mapaa mengi, lakini siku ile nywele zilinisimama. Hakuna betri, hakuna injini, hakuna kinachozunguka. Bibi akakinga chupa kwa kiganja, mshale ukashuka. Akaondoa, ukapanda. "Yesu na Maria," akanong'ona, "kinaujua mkono wangu."

Sikudanganyi, umeme wenyewe hauwashi hata tochi. Lakini utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, tena kutu, unaamka ukiguswa na jua! Na ndugu zake wapo, oksidi ya zinki, oksidi ya titani ile inayofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe. Wataalamu wanazipaka kwenye vioo vya sola za leo. Vitu vya udongoni tu. Mpaka leo nikifikiria hilo naishiwa maneno, na unajua mimi kuishiwa maneno ni muujiza.

Baba mdogo akaja na kofia yake. Akafunika chupa, akafunua. Akafunika tena, akafunua. Halafu akamgeukia binti yake: "Inafanyaje?" Aikande akaeleza mpaka mtori ukapoa mezani, na baba yake hakuudai. "Kesho nakupeleka shule mwenyewe," akasema. "Mwalimu asikie kwangu, kwamba huyu ni wa sayansi."

Basi shika haya. Asiyekujua hakuthamini, kwa hiyo kitu usichokijua kiulizie kabla hujakiita uchafu. Aliyekukosea kwa mapenzi, mfundishe, usimchome. Na mpiganie mtu wako, mwanangu, mpiganie hasa, ila usimvunje mtu wako mmoja ili umjenge mwingine.

Ruwa, Mungu wetu, akupe macho ya kushangaa mpaka uzeeke, na akukutanishe na wazee wako wangali hai, wanakusikia. Aika, yaani asante.