Alisalimia Kwanza

Ujumbe wa Mama Milembe niliusoma viatu vyangu vikiwa bado na udongo wa kaburi lake.

Naitwa Rachel, nesi wa zahanati moja huku Mkula. Sina hamu ya kusimulia hili, ila nikinyamaza linanila.

Mwaka jana tuliletewa namba ya dharura. Unatuma ujumbe, kompyuta inausoma. Mtengenezaji ni Joakim, kijana wa hapa hapa aliyehamia Bariadi mjini. Kichwa chake moto.

Alitueleza kwamba ametumia kitu wenzake wanakiita maktaba, programu iliyokwisha andikwa na watu wengine. Unaipa orodha ya maneno: damu, degedege, tapika, sumu. Ikilikuta neno, simu ya zamu inalia. Isipolikuta, ujumbe unakwenda kwenye kapu la kawaida.

Ili mtambo usilemewe, aliiamuru itafute kwenye maneno ya mwanzo tu.

Nikamuuliza, je, shida ikiwa mwishoni?

Akacheka. "Dada Rachel, mtu anayekufa hana muda wa salamu."

Mimi nikarudi kwa wagonjwa wangu. Msomi ni yeye.

Jumamosi moja simu ya zamu haikulia. Jioni jirani akamkuta Mama Milembe amelala kando ya bomba la kupulizia pamba, mwili umekwisha poa.

Tulipotoka kuzika nikafungua lile kapu, nikaukuta ujumbe wake unaanza kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila wanangu. Poleni na kazi. Watoto hawajambo? Mvua huko imenyesha? Huku ng'ombe wazima, tunamshukuru Mungu. Nilikuwa napulizia dawa ya pamba, sasa natapika na macho yanaingia giza. Naomba mje."

Nililia kwa hasira. Kwake ni mwendo mfupi tu wa pikipiki.

Nikamwita Joakim. Alikuwa bado huku huku kijijini. Nikampa simu.

Alisoma, akarudia. Akakaa chini sakafuni.

"Namba hii nilimpa mimi," akasema. "Na alinifundisha mwenyewe, nisiombe hata maji kabla sijasalimia."

Ndiyo. Mama Milembe ni mama yake mzazi. Udongo wa kwanza kaburini aliutupa yeye.

Siku hizi programu inasoma ujumbe mpaka mwisho. Inafanya kazi vizuri sana, na inaniuma kila simu ya zamu ikilia.

Wewe unayetengeneza vitu vya watu, kumbuka kwanza jinsi mama yako anavyoomba msaada.