Tanga Nililolitoboa

Nakumbuka mchana mmoja pale mjini Sultan Hamud, mwanangu, nilipotoboa tanga la watu kwa makusudi, tena kwa ustadi mkubwa.

Usicheke bado. Bahari mimi nimeiona kwenye kalenda tu. Hata leo nikifika Salama, mji wa jirani tu, natamani kurudi kitandani kwangu. Kwa Mzee Kilonzo, aliyenifundisha kazi, tulishona maturubai ya malori na vitambaa vya kutangaza mikutano ya injili. Kitambaa cha kufungwa juu ya barabara lazima ukikate vitundu, upepo upite, la sivyo utakirarua. Hilo nililijua sana. Na kidogo unachojua, mwanangu, ndicho hukuponza.

Basi Abdi, dereva wa lori la mbuzi, akatuletea tanga lililopasuka. Lilikuwa la mzee wa Pwani mwenye mashua, ambaye Abdi alikuwa akimposa bintiye.

"Shona vizuri, ndugu yangu," akaniambia. "Hii ikiharibika, mke sina."

Mzee Kilonzo alikuwa ameenda mazishi Mukuyuni, akaniagiza nimngoje. Nimngojee nini, na mkasi ninao? Nikaziba mpasuko, kisha, kwa roho safi kabisa, nikakata vitundu tanga zima.

Jioni Abdi na Mzee Kilonzo wakaingia pamoja. Abdi akalikunjua, akaona jua likimchungulia. Akakaa juu ya debe.

"Ni nini hii?"

"Ya kupitisha upepo," nikajibu kwa fahari. "Sasa hauwezi kuirarua."

Mzee Kilonzo akanitazama kama mbuzi aliyekula suruali yake. "Kijana, mashua inasukumwa na nini?"

"Na... upepo."

"Na wewe umeufungulia mlango uende zake! Wee, hiyo Form Four ulifanya ukiwa umelala?"

Wahenga walisema kata pua uunge wajihi. Mimi nilikata wajihi wote. Tukaketi kushona viraka vya turubai la kijani, Abdi akishika kitambaa huku akimwomba Mungu. Baadaye tulisikia mzee wa Pwani aliuliza kama ameletewa tanga au kitenge. Lakini lilishika upepo, na binti akaolewa.

Mwanangu, kitu kikifika mikononi mwako, uliza kwanza kinafanya kazi gani huko kilikotoka. Mkubwa akikwambia ngoja, ngoja. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukata kwanza halafu ndiyo uulize. Mungu akujalie ulimi mwepesi, na mkasi uwe mzito mkononi mwako.