Maombi Marefu ya Chelangat

Harufu ya kiwanda cha majani chai ilipanda kutoka bondeni kila alfajiri, tamu na nzito, ikatukuta tumepanga foleni bwaloni na vikombe vya plastiki mkononi, tukisubiri strungi. Nataka jambo hili lieleweke vizuri. Shule yetu ya bweni ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Sosiot. Pande tatu ilizungukwa na michai, na upande wa nne ng'ombe wa jirani walituchungulia kupitia ua wakiwa na viwele vimejaa. Na bado sisi wasichana tulikunywa strungi, chai nyeusi isiyo na tone la maziwa. Kule kwetu mgeni akipewa chai ya namna hiyo anaelewa kwamba ameambiwa aende zake. Mwalimu mkuu alisema maziwa ni anasa, kwa hiyo muhula wa pili, tukiwa kidato cha pili, tuligoma. Hatukuvunja hata kioo kimoja. Tulikaa mbele ya vikombe vilivyojaa tukaguna. Aliyesoma bweni anaujua mguno huo: midomo imefungwa, macho yanatazama mbele kwa adabu, na sauti inatoka puani kwa watu wote kiasi kwamba hakuna wa kushikwa.

Sisi tulioonekana kuwa vichwa vya mgomo, kama ishirini hivi, tuliambiwa wazazi wetu waje Jumatatu. Jumamosi wenzetu walipokwenda uwanjani kucheza, sisi tulibaki bwaloni kusugua meza. Kiongozi wetu alikuwa Chelangat wa Siongiroi, msichana wa miguu mirefu, binti wa mchungaji. Hakuna kitu alichokichukia kama maombi. Baba yake aliombea chakula mpaka ugali ukapoa na kufanya ngozi juu, na Chelangat alikuwa ameapa kwamba akimaliza shule atakula vya moto maisha yake yote. Karibu naye siku hiyo alikuwa Mercy wa Kipkelion, rafiki yangu wa kitanda cha chini, aliyekuwa na pumu. Dawa yake, ile ya kupuliza mdomoni, aliisahau bwenini chini ya mto.

Basi wanaume wawili wakaingia mbio kupitia mlango mkubwa. Walikuwa wametoka kuvamia duka la jumla sokoni, na wananchi walikuwa nyuma yao. Wangeweza kuteka kwaya. Wangeweza kuteka viranja, ambao wangewapangia hata viti. Wakatuteka sisi. Mmoja alikuwa na bastola na mwenzake alimwita Mkubwa. Yule mwenzake alikuwa na panga, kofia ya sufu na gambuti za mpira zenye matope, na alituita lagok, watoto, kwa sauti ya baba anayeita wanawe waje kula. Sisi tukambatiza Gambuti. Walisukuma meza mlangoni, na mpishi akatoroka kupitia mlango wa nyuma wa jikoni bila kuaga. Askari walipofika na kujipanga kwenye michai, Mkubwa aliwapigia kelele dirishani kwamba anataka gari lenye mafuta, akatuelekezea bastola ili waone hatanii. Mimi nilikaa sakafuni kwenye maji ya sabuni.

Mkubwa alitaka kimya. Akapata mguno. Aliuliza ni nani, akaufuata pembe ya kushoto, ukahamia pembe ya kulia. Alitutazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alikuwa mpole kama mtoto anayesubiri kubatizwa. Kisha wasichana wakaanza kunyanyua mikono, mmoja baada ya mwingine, kuomba ruhusa ya kwenda msalani, kila mmoja akitanguliza tafadhali na kumaliza na asante. Alipochoka akaamuru apewe chai. Tukamletea strungi kutoka kwenye birika kubwa. Gambuti alionja, akakitazama kikombe kwa muda mrefu, akamuuliza Mkubwa kama kweli hapa Kericho mtoto wa mtu anaweza kupewa kitu kama hiki. Kwa mara ya kwanza muhula ule mtu mzima alikuwa upande wetu, na nusura tumpende.

Ndipo Mercy akaanza kupiga filimbi kifuani. Niliijua sauti ile, nilikuwa nimelala juu yake usiku mwingi. Mabega yalipanda na kushuka, midomo ikaanza kubadilika rangi. Mguno ulikatika wenyewe. Nilimwinua nikamvuta hadi mlangoni, nikaeleza kwamba dawa iko bwenini, ni hatua chache tu, na kwamba asipoipata atakufa. Gambuti akasimama kati yetu na mlango.

"Hakuna mtu anatoka," alisema. "Mkitoka, hao askari wataingia."

Nilimsihi kwa Kiswahili na kwa Kipsigis. Aliegemeza mgongo mlangoni. Mercy alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. Niliogopa kuliko nilivyoiogopa bastola.

Chelangat akasimama. "Boss, wacha basi tumuombee," alimwambia Mkubwa. "Hata nyinyi mko na shida."

Mkubwa alimtazama mwenzake, kumbe Gambuti ameshavua kofia. Msomaji wa mbali huenda asielewe. Kwetu hakuna kikao cha chama, wala mnada, wala mechi inayoanza bila neno la maombi, na mtu akisema tufunge macho, unafunga. Kuyafungua mwenzako akiwa anazungumza na Mungu ni aibu kuliko kuvamia duka. Mkubwa aliinamisha kichwa, bastola akiishikilia kifuani kwa mikono miwili.

Chelangat alianza kwa kushukuru kwa ajili ya pumzi, mvua na barabara. Akawaombea viongozi, kuanzia mzee wa mtaa mpaka rais, bila kuruka ngazi hata moja. Alipofika kwa wajane alinigusa kwa kidole cha mguu, akaelekeza kidevu kwenye dirisha la kugawia chakula. Lilitokea jikoni na lilikuwa dogo, lakini tuliwahi kulipita mara nyingi tukienda kuiba viazi. Tulivua viatu. Wawili wakapita kwanza, kisha tukamwinua Mercy, kifua chake kikilia.

"Baba, kuna mtoto hapa amekosa pumzi," Chelangat alipaza sauti. "Mfungulie."

"Amina," akaitika Gambuti, kwa sauti nene iliyopasuka katikati, na ile Amina ndiyo iliyofunika filimbi ya Mercy alipokuwa akishushwa upande wa jikoni.

Wengine wakafuata mmoja mmoja. Shida ilikuwa kwamba kila aliyepita aliondoka na Amina yake. Waliobaki tuliitika kwa nguvu zaidi. Mwishoni nilibaki mimi, nikiitikia kwa sauti mbili, nyembamba na nene, mpaka Chelangat akanisukuma kwa goti. Nikiwa jikoni nilimsikia akiwaombea wenye dhambi, sauti ikisogea, maana alikuwa akitembeatembea kama wachungaji wanavyofanya. Akapita dirishani miguu mbele, bila kukata sentensi, akamalizia akiwa kando ya sufuria: na sote tuseme. Amina mbili za kiume zikaitika.

Mercy alipata dawa yake kwenye michai, mikononi mwa matroni wa bweni aliyekuwa ameikimbilia, akavuta mara kadhaa, akalia kwa sauti. Mimi pia nililia. Askari waliwakuta wale wawili wamekaa kwenye benchi wametulia, na Gambuti alilalamika kwao kwamba kutoroka katikati ya maombi si tabia nzuri. Hatukufukuzwa shule. Tulipewa chai ya maziwa wiki nzima, kisha strungi ikarudi.

Leo binti yangu anasoma bweni. Kuna ukuta, kamera na mlinzi mwenye mbwa, na chai ni ya maziwa, na sitaki mtu aniambie enzi zetu zilikuwa bora. Chelangat anasaga unga kwenye posho mill yake Siongiroi na anakula vya moto. Niliwahi kumuuliza kama siku ile aliomba au aliigiza.

"Hizo zingine nilikuwa naongeza maji tu," aliniambia. "Ya Mercy niliomba. Na huyo jamaa wa gambuti, yule aliyetuzibia mlango, pia aliitika kwa moyo wake wote. Hiyo ndiyo hunisumbua."

Mwaka huu zahanati ya kijijini kwetu ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mheshimiwa mwenye uwezo wa kuifungua akaja kutuombea wagonjwa wetu, akiwa amesimama palepale mlangoni. Aliomba vizuri. Watu walifunga macho, wakaitika. Mimi nilifungua yangu, nikamwona Mercy, sasa mwalimu wa shule ya msingi ya hapo kijijini, naye ameyafungua ya kwake, akiitazama kufuli.