Noti ya Bibi Yangu Iliyoitwa Feki

Jamani, mpaka sasa hasira haijanitoka.

Bibi yangu wa Kisarawe ana noti ya rupia moja ya Mjerumani. Baba yake alilipwa noti hiyo kwa kubeba mizigo ya jeshi kwenye Vita ya Kwanza.

Leo nimeipeleka kwa mnunuzi wa fedha za kale, huko Misugusugu. Nikampa shikamoo yake kwa heshima zote.

Akaigeuza mara moja tu. "Feki hii. Karatasi gani mbaya hivi? Hata picha haina."

Nikampigia bibi palepale, nikamwambia. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo baba alibebeshwa mizigo bure?"



Mnunuzi akanipa elfu kumi "ya soda", nami nikamwachia noti. (Ndiyo, nisemeni.)

Nafika kwenye pikipiki, nakumbuka nimesahau helmeti. Narudi, namkuta anaongea na simu:

"Halisi kabisa! Zile Wajerumani walizochapa hukuhuku wakati wa vita, karatasi za shida. Sahihi za mkono zipo. Andaa laki tatu."

Nilimtupia elfu kumi yake, nikaichukua noti.

"Dogo, tuelewane! Nakupa laki!"

"Umemdhalilisha bibi yangu kwa uongo, halafu tuelewane?"

Nyie mngemfanyaje mtu huyu?

Nikampigia tena bibi. "Bibi, ni halisi. Nisamehe, nilikuwa nimeshaiuza, ila nimeichukua tena."

Alifoka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Nilikutuma ukaulize! Nani alikutuma ukauze?"