Mkono Juu ya Moyo wa Maharagwe

Juzi kitindamimba wetu alirudi kutoka shuleni akicheka. "Dada, tumeonyeshwa video ya damu. Maharagwe inatembea yenyewe! Alafu mwisho kabisa mkono ya mtu inatokea. Mwalimu amesema ni makosa."

Nikaacha kukoroga uji.

Ndugu msomaji, ungeliona darasa letu la saba hapa Elburgon! Lilikuwa la mbao, likinuka vumbi la msumeno. Mwalimu wetu wa sayansi alichora moyo na mapafu kwa chaki juu ya meza, akafunga simu yake kwenye stuli iliyosimama juu ya mchoro, kamera ikitazama chini. Njahi, yale maharagwe meusi, zilikuwa damu iliyoishiwa oksijeni. Tunasogeza kila punje kidogo tu, mwalimu anaita, "Toa mkono!", anapiga picha. Zikifika mapafuni tunaweka maharagwe mekundu badala yake. Picha zikiunganishwa, damu inatembea. Awali niliukariri tu mzunguko huo, pale niliuona.

Punje hizo zilikuwa za nyanya yetu. "Mkimaliza sinema yenu, yote irudi kwa sufuria," alionya. "Moyo haipigi tumbo ikiwa tupu."

Baba alikuwa ameshatangulia, na muhula huo tukamzika mama. Siku ya picha za mwisho mjomba akasimama mlangoni. Alikuwa amenipatia kazi ya kuchimba viazi.

"Toka twende. Wewe ndio mkubwa. Nani atalisha hawa watoto, maharagwe?"

"Nakuja, mjomba. Lakini damu lazima irudi kwa moyo kwanza."

Alifoka, akapiga mlango teke. Mimi nikasogeza punje moja moja hadi ya mwisho ikaingia.

"Toa mkono!" mwalimu akaita.

Sikuutoa; nilijua sitarudi tena darasani. Akaita tena, taratibu. Nikamtazama. Akapiga picha.

Nilizibeba zile punje kwenye sweta, na jioni tukazila kwa mahindi, githeri.

Darasa lile lilibomolewa. Mwalimu alihamishwa, akaiacha video yetu shuleni, nyanya hayupo, na ile misumeno ya viwanda vya mbao iliyotuamsha asubuhi imenyamaza. Siku hizi watoto huchora damu kwenye tableti, hakuna anayepeleka njahi shuleni. Lakini wadogo zangu wote wamesoma, na huyu wa mwisho hakuna atakayesimama mlangoni kumtoa darasani nikiwa hai.

Nikammiminia uji.

"Kesho kamwambie mwalimu wako huo mkono ni wa dada yako," nilimwambia. "Na si makosa."